Kutaja bei yako mwenyewe: vyumba na ndege za bei ya chini, na unachokiachia

Kila inapokaribia harusi au msiba kwenye jumuiya yetu, napokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nasikia wewe unapataga hoteli za nyota nne kwa bei ya gesti. Nifanyie na mimi." Ni kweli nimelala kwenye hoteli hizo, na ni kweli nimelipa kidogo. Lakini wanaoniomba huwa hawajaambiwa nilichokiachia ili nipate bei hiyo. Nimeona familia za Kitanzania huku Marekani zikiingia kwenye manunuzi haya kwa furaha na kutoka na hasara, na inaniuma kwa sababu pesa yenyewe ni ya kubeba boksi, ya zamu za usiku.

Sisi huku tunasafiri kwa ajili ya watu. Harusi iko Chicago, msiba uko Houston, mtoto wa dada anahitimu Seattle. Zamani tulikuwa tunalala kwa wenyeji, wanaume sebuleni, kina mama na watoto vyumbani, na asubuhi foleni ya bafu inaanzia jikoni. Watoto walipokua na wazee wakaanza kuja kututembelea, ikabidi tutafute hoteli. Nilikuwa nafanya kazi ghalani Columbus, Ohio, na chumba cha katikati ya Chicago kwa usiku mmoja kilikuwa kinakula karibu zamu mbili zangu.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu, mzee wa Kimarekani, wakati wa mapumziko ya chakula. Alinionyesha Priceline, tovuti ya kununulia vyumba vya hoteli na tiketi za ndege, iliyoanzishwa na Jay Walker na kuanza kazi mwaka 1998, ile ambayo matangazo yake ya televisheni yalikuwa na mwigizaji William Shatner. Siku hizo ilikuwa na utaratibu wa mnunuzi kutaja bei. Unachagua mji, unatia alama kwenye eneo la mji unalolitaka, unachagua idadi ya nyota na tarehe, kisha unaandika dau lako kwa usiku mmoja. Namba za kadi unaziingiza kabla hujajibiwa. Hoteli ikikubali, pesa inakatwa hapo hapo, na ndipo jina la hoteli linapotokea. Kuanzia dakika hiyo hakuna kufuta, hakuna kubadilisha tarehe, hakuna kurudishiwa.

Nilimuuliza yule mzee kwa nini hoteli kubwa ikubali bei ya aina hiyo. Jibu lake nililielewa mara moja, kwa sababu nimekulia Dar na najua samaki wa soko la Feri jioni bei yake inavyoshuka. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo huwezi kukiuza kesho. Ila hoteli haiwezi kutangaza bei ya chini hadharani, maana mteja wa kampuni anayelipa dola 200 ataiona na kudai na yeye apewe. Kwa hiyo wanaficha jina. Unalipa kidogo kwa sababu umekubali kununua gizani, na kila shida nitakayoisimulia hapa imetoka kwenye giza hilo.

Dau langu la kwanza lilikuwa kwa ajili ya harusi Chicago, mwezi Februari, baridi ya kukata masikio. Kwenye tovuti za kawaida hoteli za nyota nne za katikati ya jiji zilikuwa zinaanzia dola 160 hivi. Niliandika 55. Ukurasa ulizunguka kama dakika moja, ukaleta majibu kwamba hakuna hoteli iliyokubali, na kwamba nisubiri saa 24 kabla ya kujaribu tena kwa maelezo yale yale. Hapo ndipo palipokuwa na utaalamu wote wa mchezo huo. Ukibadilisha kitu kimoja, kama vile kuongeza eneo jingine la mji, mfumo ulikuruhusu kutaja bei mpya bila kusubiri. Tatizo ni kwamba ukiongeza eneo unaweza kupewa hoteli ya huko, kilomita nyingi kutoka ukumbini.

Yule mzee akanifundisha kutia alama kwenye eneo moja la pembeni peke yake na kuangalia orodha ya nyota. Kwenye baadhi ya maeneo ya vitongoji, nyota nne ilikuwa imefifia, haichaguliki, maana yake hakuna hoteli ya daraja hilo huko. Eneo kama hilo ukiliongeza, unapata nafasi nyingine ya kupandisha dau bila hatari ya kupelekwa huko. Nikaongeza moja, 60. Nikaongeza jingine, 66. Ikakubaliwa. Jina lilipotokea ilikuwa hoteli ya karibu na mto, yenye mtu wa kukufungulia mlango, na mke wangu alinipigia vigelegele jikoni.

Tulipofika ndipo nilipoanza kujua bei kamili. Kwanza, zile 66 hazikuwa na kodi wala tozo za tovuti. Kodi ya hoteli Chicago leo inapita asilimia 17, na ukiongeza tozo, bei uliyoitaja inapanda sana. Pili, maegesho. Tulikuwa tumekuja na gari kutoka Ohio, na hoteli za katikati ya Chicago hazikuachii gari bure. Siku hizi mara nyingi ni zaidi ya dola 50 kwa usiku, na dereva wa hoteli aliyekuletea gari anasubiri bakshishi. Tatu, mapokezi wanataka kadi ya kuzuia amana. Mwenye kredit kadi hasumbuki sana, lakini rafiki yetu tuliyesafiri naye alikuwa na kadi ya kawaida ya benki, wakazuia dola 100 za kila usiku, na pesa hiyo ilichukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Alikuwa ameitegea mafuta ya kurudia nyumbani. Tulimkopesha.

Kwa hiyo ukiniomba ushauri leo, jambo la kwanza nitakalokuuliza ni kama unakwenda na gari. Ukiwa nalo, hoteli ya nyota tatu ya karibu na uwanja wa O'Hare, kisha treni ya Blue Line kuingia mjini, inaweza kukugharimu kidogo kuliko nyota nne ya katikati uliyoipata kwa dau zuri.

Baada ya safari ile, wifi yangu, ambaye ana mkono wa kutunza kumbukumbu, alianzisha daftari. Lilikuwa la kawaida la mistari, jalada la bluu, na kila familia iliyoshinda dau ilimpigia simu akaandika: mji, eneo, nyota, usiku wa siku gani, dau lililokataliwa, dau lililokubaliwa, jina la hoteli. Kwenye safu ya mwisho aliandika maneno machache: "chumba karibu na lifti, kelele", "wanaruhusu kuchelewa kutoka", "kitanda kimoja". Lile daftari lilitufundisha mambo ambayo hakuna tangazo lingetuambia. Hoteli za katikati ya jiji zinazotegemea wafanyabiashara zinakuwa tupu Ijumaa na Jumamosi, na ndizo siku za harusi zetu. Chicago ya Januari na Februari ni rahisi. Lakini ukikutana na mkutano mkubwa pale McCormick Place, au mbio za marathoni za Oktoba, hata dau la heshima linakataliwa. Kabla ya kutaja bei yoyote, tulianza kuangalia kwanza mji una shughuli gani wiki hiyo.

Yale maneno "kitanda kimoja" yana kisa chake, na ndicho kisa kinachonifanya niandike. Masharti ya vyumba vya aina hii yanakuhakikishia nafasi ya watu wawili tu. Aina ya kitanda haiko mikononi mwako. Familia moja iliyotoka Dayton, baba, mama na watoto wanne, ilifika hotelini saa 5 usiku wakiwa wamevaa makoti, mdogo kabisa amelala begani. Chumba walichopewa kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa. Binti wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akasema vyumba vya vitanda viwili vimeisha, na kwamba kwa mujibu wa kanuni za zimamoto watu sita hawaruhusiwi kwenye chumba kile. Yule baba alijaribu kueleza kwamba ameshalipa. Alikuwa amelipa kweli, lakini kwa watu wawili. Alilazimika kuchukua chumba cha pili kwa bei ya mezani, dola 219 na kodi juu, na ile ya kwanza haikurudi. Niliwakuta asubuhi kwenye kifungua kinywa. Mama alikuwa hasemi neno.

Chumba walichokihitaji kilikuwepo nje kidogo ya mji kwa bei ya kawaida: vitanda viwili, kifungua kinywa cha bure, maegesho ya bure, na ruhusa ya kufuta hadi jana yake. Wenye watoto zaidi ya wawili, nawasihi, msitaje bei gizani. Kama mmeshanunua, pigeni simu hotelini mapema siku hiyo hiyo, ombeni vitanda viwili kwa upole, na mfike kabla ya saa 10 jioni wakati vyumba bado vipo. Mara nyingi nimesaidiwa hivyo, ingawa hawakuwa na wajibu wa kunisaidia.

Kwa ndege hali ilikuwa nzito zaidi. Ukitaja bei ya tiketi, ulikuwa unakubali kuruka saa yoyote kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, na kuunganisha ndege angalau mara moja, kwa shirika lolote watakalokupa. Mdogo wangu alikuwa anakwenda Seattle kwenye mahafali ya rafiki yake waliyesoma naye tangu sekondari. Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi, akachagua Ijumaa, dau likakubaliwa, akaokoa kama dola 90. Ndege aliyopangiwa iliondoka Columbus jioni, na alitakiwa kuunganisha Denver ndani ya dakika 50. Mvua za radi za Juni zikachelewesha ya kwanza. Alilala kwenye viti vya uwanja wa ndege, akafika Seattle Jumamosi mchana wakati watu wanakunja mahema. Kwenye picha za mahafali hayumo, na hadi leo akiziona anageuza uso.

Shirika la ndege lilimpakia kwenye ndege iliyofuata bila kumdai, kwa hiyo siwezi kusema alidhulumiwa. Aliuza haki ya kuchagua saa kwa dola 90, wakati saa ndiyo iliyokuwa kitu pekee alichokihitaji. Tangu hapo tuna kawaida moja nyumbani kwetu: kwa tiketi yoyote usiyoichagulia saa, safiri siku nzima kabla. Na kwa msiba, usitaje bei kabisa. Mazishi hayasubiri, tarehe hubadilika kwa sababu ya mwili au ndugu anayetoka nyumbani, na tiketi isiyobadilishwa inageuka kuwa karatasi. Nunua ya kawaida, inayobadilika, hata kama ni ghali, jumuiya itachanga.

Wapo pia waliowanunulia wazazi vyumba vya hoteli Orlando kwa ajili ya matembezi kabla viza haijatoka. Ubalozi wa Marekani wenyewe huwashauri waombaji wasinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya kupata viza, na ushauri huo unafaa kwa vyumba vilevile. Mzazi akiambiwa arudi na nyaraka nyingine, hoteli haina habari.

Siku hizi ule utaratibu wa kuandika bei mwenyewe haupo tena. Kwa ndege Priceline waliuondoa mwaka 2016, na vyumba navyo vikafuata baadaye. Kilichobaki ni ndugu yake: bei unaonyeshwa, jina unafichwa. Priceline wana Express Deals, na Hotwire, tovuti nyingine ya aina hiyo, wana Hot Rate. Masharti ni yale yale ya kutorudishiwa pesa, kwa hiyo mafunzo ya daftari la wifi yangu bado yanafanya kazi, na kuna moja zaidi: hoteli iliyofichwa mara nyingi inaweza kukisiwa. Unaonyeshwa eneo, nyota, alama za wageni waliopita, na orodha ya huduma. Fungua ukurasa wa hoteli za kawaida kwenye tovuti hiyo hiyo, chuja kwa eneo hilo na nyota hizo, kisha linganisha: ina bwawa la ndani? Inaruhusu mbwa? Ina basi la kwenda uwanja wa ndege? Mara nyingi hubaki hoteli mbili au tatu, wakati mwingine moja.

Hata hivyo usinunue kwa kukisia peke yake. Angalia hoteli unayoipenda kidogo kuliko zote katika eneo lile, jiulize kama ukipewa hiyo utalala bila kinyongo. Kama jibu ni hapana, funga ukurasa. Na linganisha jumla kwa jumla, kodi na tozo zikiwemo, dhidi ya chumba cha kawaida kinachofutika. Mimi tofauti ikiwa chini ya robo, nachukua kinachofutika. Kulinganisha kumekuwa rahisi kidogo tangu Mei 2025, ilipoanza kanuni ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, inayowalazimu wauzaji wa vyumba kuonyesha bei yenye tozo zote za lazima tangu mwanzo. Zamani Las Vegas ulikuwa unakuta mezani tozo ya ziada ya hoteli, wanayoiita "resort fee", dola 30 au 40 kwa usiku, na hukuambiwa waziwazi. Kodi na maegesho bado uyaangalie mwenyewe.

Jihadhari pia na "mtu wa tiketi za nusu bei" kwenye makundi ya WhatsApp. Baadhi ya tiketi hizo zinanunuliwa kwa kadi za wizi, na mwenye kadi akilalamika tiketi inafutwa, pengine ukiwa umeshafika uwanjani. Ukipewa tiketi na mtu, usiridhike na ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu 6. Dai na namba ya tiketi yenyewe, ya tarakimu 13, kisha ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege au wapigie uhakikishe imeshatolewa.

Dau la kweli bado lipo mahali pamoja, kwenye kupanda daraja la ndege. Umenunua tiketi ya daraja la kawaida, baadaye shirika linakutumia barua pepe kukualika utaje bei ya kuhamia daraja la biashara. Kampuni ya Plusgrade ya Montreal, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2009, ndiyo inayoendesha mfumo huu kwa mashirika mengi. Unasogeza alama kati ya kiwango cha chini na cha juu, na rangi inakuonyesha kama dau lako ni dhaifu au lina nguvu. Pesa haikatwi mpaka wakubali, na mpaka muda fulani kabla ya safari unaweza kulibadilisha au kuliondoa. Hapa giza ni dogo: ndege unaijua, saa unaijua, kiti chako kipo hata ukikataliwa. Ndiyo maana huu ndio mnada ninaoupenda kuliko yote.

Niliutumia kwa mama yangu, aliyekuwa anakuja kutoka Dar akiwa na magoti mabovu. Safari ilikuwa ya ndege mbili, usiku kucha hadi Ulaya, kisha mchana kuvuka bahari hadi Chicago. Dau linahesabiwa kwa kila abiria na kwa kila ndege, kwa hiyo ukiwa na haraka unaweza kulipia mara mbili bila kukusudia. Nilitaja bei kwa ndege ya usiku tu, kwa sababu hapo ndipo kitanda cha kujinyoosha kina maana. Kiwango cha chini kilikuwa dola 350, nikaweka 400, na majibu yakaja siku moja kabla ya safari. Kabla ya kubonyeza nilisoma masharti ya mizigo, maana kwa baadhi ya mashirika unapanda kiti lakini mabegi na pointi vinabaki kwa tiketi ya awali.

Lakini nawaambia wenye wazee: kabla ya kutaja dola yoyote, jiulize mzee anahitaji nini hasa. Kilichomsaidia mama kuliko kiti kile ni kiti cha magurudumu, na hicho ni bure. Unaomba kwa shirika la ndege, vizuri iwe angalau saa 48 kabla, na unahakikisha kimeandikwa kwa kila ndege na siyo ya kwanza tu. Mhudumu alimpokea mlangoni, akamvusha kwenye usalama na uhamiaji mbele ya foleni, akamfikisha mpaka nilipokuwa nimesimama na gari. Kwenye tiketi za bei ya chini kabisa huduma hii ipo vilevile. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajaambiwa.